Inchi Moja na Robo

Ilikuwa saa tatu na dakika ishirini asubuhi, Jumamosi ya kabla ya Pasaka, harufu ya mpira unaoungua ilipoingia uani ikilitangulia gari lenyewe. Saa naijua kwa hakika. Kengele ya uji ililia shambani saa tatu kamili, na nilikuwa nimefika nusu ya bakuli langu, kazi ambayo kwa moto wa uji wa mama ilinichukua dakika ishirini, si pungufu. Hata leo, basi likifunga breki kwenye mteremko wa Tengeru na harufu ile ikapanda, abiria wenzangu huulizana kama kuna hatari. Mimi huona aibu. Ninyi mnaosoma haya ni wa pili kuelezwa sababu. Wa kwanza nitamtaja mbele.

Nilikuwa na miaka kumi, mwanafunzi wa darasa la tatu katika shule ya misheni. Baba alikuwa dereva kwenye shamba la kahawa upande wa chini wa barabara ya Usa, mali ya Mgiriki mmoja ambaye sote tulimwita Bwana Mgiriki, kana kwamba hakupewa jina alipobatizwa. Enzi ilikuwa ya Mwingereza, lakini Mwingereza alikaa Boma, mjini Arusha, na Bwana Mgiriki alikaa juu ya kilima, mahali ambapo angeweza kumwona kila mtu aliyechelewa kazini.

Alikuwa na lori la kubebea kahawa, na alikuwa na gari jingine: dogo, jekundu, la wazi, la viti viwili, lililokaa chini kiasi kwamba kuku wa mama walitazamana nalo macho kwa macho. Halikufaa kubeba chochote. Lilikuwa la mbio. Wafanyakazi waliliita Panzi kwa jinsi lilivyoruka kwenye mashimo. Siku hizi nasoma kwamba magari ya namna ile hukusanywa na matajiri huko Ulaya na kulazwa chini ya mablanketi safi. Panzi wetu alifunikwa magunia ya kahawa, na mara moja paka alizalia kwenye kiti chake.

Kwa muda wa wiki moja Panzi alikuwa analia. Alipopinda kona, tairi la nyuma la kulia lilikwaruza kwenye madigadi, mlio kama wa mtu anayeparua ukoko wa wali, kisha harufu. Na Jumatatu ya Pasaka Bwana Mgiriki alikuwa na mashindano Nairobi. Alikuwa ameyasema tangu Krismasi. Asubuhi ile alishuka, akalipiga tairi teke, akaita.

"Lazaro! Kuja. Panzi nalia tena, na mimi kesho nakwenda."

"Pole, Bwana," Lazaro alijibu akifuta mikono. "Tumwulize anaumwa wapi."

Lazaro alikuwa fundi wa shamba. Mimi nilimwita Baba Samweli, kwa jina la mwanawe, tuliyesoma naye darasa moja. Yeye na baba yangu walikuwa Wameru wa rika moja: walitahiriwa msimu mmoja na kuponea katika kibanda kimoja, na hawakuitana majina, waliitana "Rika." Ufundi aliupata kwenye malori ya jeshi wakati wa vita. Kusoma hakujua. Alipima kwa vidole, na akiulizwa kwa nini hatumii futi kama mafundi wa mjini alisema kwamba vidole vyake hajawahi kuvisahau nyumbani. Migomba ya baba yake kule mlimani ilikwenda kwa kaka zake, kwa hiyo makao yake yote duniani yalikuwa nyumba ya fundi: vyumba viwili, sakafu ya saruji, paa la bati, bila kodi maadamu yeye ni fundi wa shamba. Msomaji alikumbuke hilo, maana ndilo lililokuwa mezani asubuhi ile, ingawa mimi nilidhani tunazungumza habari za gari.

Nitaeleza alivyofanya kazi, kwa sababu baadaye nimesoma vitabu na sijaona njia bora zaidi. Kwanza aliniomba chaki. Alijua ninayo mfukoni. Vipande vya chaki ya mwalimu vilikuwa na tabia ya kunifuata. Akalala chali juu ya gunia, akapaka chaki ndani ya madigadi: sehemu ya juu, dari yake, na sehemu ya ubavuni, ukuta wake. Kisha alimwambia baba aendeshe hadi darajani na kurudi, barabara ikiwa kavu, na yeye mwenyewe akakaa kiti cha pili akiwa amegeuka nyuma, kichwa kimeinama nje, sikio chini. Wachuma kahawa walicheka. Mmoja alisema fundi anamsikiliza Panzi kama mkunga.

Waliporudi alilala tena chini, akatazama, akasimama taratibu.

"Chaki ya juu iko kama nilivyoiweka," alisema. "Ya ubavuni imelambwa. Springi ikilala, Bwana, tairi hugusa juu. Hili linagusa ubavu, tena kwenye kona za kushoto tu. Ekseli inatembea. Bushi zimekufa."

Bushi ni zile pete za mpira zinazoshika ncha za springi zisicheze. Mpira ukioza, springi hupata nafasi, ekseli, chuma kinachobeba magurudumu, huenda upande gari linapopinda, na tairi hufika mahali pasipo pake. Haya nayaandika leo kwa mstari mmoja. Siku ile sikuelewa hata neno, na Bwana Mgiriki naye hakutaka kuelewa.

"Kufa namna gani? Gari ya mwaka moja tu."

Lazaro alichutama, akaingiza kidole nyuma ya springi, akakitoa, akakinusa. Alimtazama baba. Halafu alinitazama mimi, niliyekuwa nimesimama karibu na baba. Akapangusa kidole kwenye suruali.

"Mpira huzeeka, Bwana," alisema.

Hapa lazima nisimame nieleze jambo ambalo Bwana Mgiriki hakulijua. Kama mwezi mmoja nyuma, Panzi alikuwa ameanza mlio mwingine, mwembamba, kama wa kitanda cha kamba. Baba alikuwa dereva wa lori kwa miaka tisa, na springi za lori zikilia humwagiwa oili chafu iliyotolewa kwenye injini. Kila dereva wa barabara ya Moshi alifanya hivyo, na malori yalinyamaza. Kwa hiyo baba alimfanyia Panzi alichomfanyia lori, kwa mapenzi mema kabisa, siku tatu mfululizo. Kopo nililishika mimi. Nakumbuka jinsi oili ilivyokuwa nzito na nyeusi kama asali ya msituni, na jinsi nilivyojivuna kwa sababu haikumwagika hata tone.

Basi Bwana Mgiriki akauliza bushi zinapatikana wapi. Lazaro alisema mjini Arusha hazipo, alikwishauliza kwa ajili ya gari la jirani. Ni kuagiza Nairobi, siku nne au tano. Masikio ya Bwana Mgiriki yakawa mekundu. Alisema tangu lini mpira unazeeka mwaka mmoja, na kama hataki kazi aseme.

Ndipo baba alipozungumza. Alisema kwa sauti ya chini, ya adabu, akitazama tairi wala si Rika wake. Alisema yeye si fundi, lakini akiwa nyuma ya usukani anaona gari limelalia kulia. Na springi ya kulia ndiyo aliyoifungua Lazaro mwezi uliopita kubadilisha jani moja la chuma lililovunjika. Springi mpya ipo mjini, kwa Mhindi, ameiona kwa macho yake.

"Na kama Bwana ana shaka," alimalizia, "mtoto wangu apime. Huyu anasoma."

Nilikuwa na fimbo ya yadi, ya mbao, ya kupimia vitambaa, yenye ncha za chuma pande zote mbili. Baba aliinunua kwenye duka la nguo ili nijifunzie hesabu, na nilitembea nayo kama askari na bunduki. Nilikwenda kuichukua mbio. Niliporudi watu walikuwa wamenipisha njia. Sijawahi kupishwa njia namna ile tena maishani, hata siku ya harusi yangu.

"Elinipa," Lazaro aliniambia kwa upole, "pima kuanzia katikati ya gurudumu kwenda juu. Usianzie chini."

Mama alikuwa amenifundisha kwamba mkubwa akisema mdogo hunyamaza. Lakini baba alikuwa amenipa nafasi ya mkubwa, na Bwana Mgiriki alikuwa ananitazama.

"Baba Samweli," nilisema, "mwalimu alisema tunaanza kwenye sifuri. Wewe hukusoma, huwezi kujua sifuri iko wapi."

Wachuma kahawa walicheka tena, safari hii si kwa ajili ya Panzi. Lazaro alicheka nao kidogo, kisha akaacha. Baba hakunikemea. Nilisubiri anikemee, maana hata mimi nilijua nimevuka, na alipokaa kimya nilichukua kimya chake kuwa ruhusa.

Gari lilikuwa limesimama kando ya ghala, ubavu wa kulia kwenye uwanja mgumu wa changarawe, ubavu wa kushoto chini ya ukingo wa bati. Mvua za mwezi ule zilikuwa zimechimba kijifereji mahali matone yanapoangukia, na udongo wetu wa mlimani, mkipata kuukanyaga mtajua, ukipata kivuli hukaa laini siku nyingi. Nilianza upande wa kulia. Fimbo ilisimama juu ya changarawe, nikasoma: inchi ishirini na tano. Nikazunguka kushoto. Fimbo niliisimamisha, nikaiegemea ili isitikisike, na nikaihisi inashuka polepole, kama kijiko kwenye uji uliopoa. Nilisoma palipokutana na ukingo wa madigadi.

"Ishirini na sita na robo," nilitangaza.

Inchi moja na robo! Bwana Mgiriki aliandika tarakimu zile juu ya pakiti yake ya sigara, akatoa hii kwa hii, akatikisa kichwa kama hakimu. Upande wa kulia umelala. Hesabu imesema.

Nilipoichomoa fimbo, ncha ya chuma ilikuwa imezama yote, na juu ya mbao palikuwa na alama ya tope. Ilifika inchi na ushee. Sitawaambia kwamba sikuielewa alama ile. Nilikuwa mtoto wa kwanza darasani kwa hesabu. Niliitazama kwa muda wa kuvuta pumzi moja, nikainama, nikaifuta kwa upindo wa gauni.

Lazaro aliambiwa siku hiyo hiyo aondoke, nyumba iwe tupu Jumanne. Hakupiga kelele. Alisema mara moja tu, "Bwana, tazama chaki," lakini Bwana Mgiriki alikuwa amekwisha kumtuma baba mjini na lori kwenda kuchukua springi. Jioni Panzi alikuwa ameshafungwa springi mpya na fundi wa kukodi. Hakulia tena. Alikwenda Nairobi, akakimbia, akarudi na kikombe kidogo cha bati chenye masikio mawili ambacho Bwana Mgiriki alikiweka dirishani ili kionekane kutoka barabarani.

Baba aliniletea mkate wa ngano na kopo la jemu. Aliwaambia wageni wote wa Pasaka kwamba binti yake amepima gari la Mzungu na kumshinda fundi wa vita. Mama alimsikiliza mara tatu au nne. Kisha akasema, huku akipepeta mchele bila kuinua macho, kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mimi nilidhani mama ana wivu kwa kuwa yeye hakusoma.

Jumanne niliwaona wakipita. Mama Samweli alikuwa na godoro kichwani, Samweli alibeba kuku wawili miguu juu, na Lazaro alisukuma toroli lenye sufuria, kiti kimoja na dirisha dogo alilokuwa amelitengeneza mwenyewe. Nilitaka kujificha nyuma ya kahawa ila walikwisha kuniona. Nikasema, "Shikamoo, Baba Samweli."

"Marahaba, mwanangu," alijibu, kwa sauti ile ile ya siku zote. "Msalimie mama."

Afadhali angenitukana.

Kiasi cha wiki sita baadaye Panzi alianza kulia tena. Niliisikia harufu kabla ya mtu yeyote. Baba hakuniita kupima. Jumapili moja, Bwana Mgiriki akiwa amekwenda kwa marafiki zake Moshi, baba alinituma mtoni kuchota maji ambayo hayakuhitajika, na niliporudi nilimkuta chini ya gari, amenipa mgongo, pembeni yake kuna kifurushi kidogo cha karatasi kutoka Nairobi. Panzi akanyamaza moja kwa moja. Fimbo yangu ya yadi ilitumika tangu hapo kuanikia soksi.

Shule niliishia darasa la sita, kama wasichana wengi wa wakati ule. Yaliyobaki nimejifunza mwenyewe, kwa kamusi na taa. Nilipata kazi ya kutunza stoo ya vipuri kwenye shamba jingine, na kwa kuwa sipendi kugawa kitu nisichokijua, nilinunua vitabu vya ufundi vilivyotupwa na Wazungu waliorudi kwao baada ya Uhuru. Nilikuwa na miaka ishirini na tisa, baba amekwisha kufariki, nilipofika ukurasa uliohusu springi za magari madogo. Ulieleza mambo mawili, na kila moja nililisoma kwa kidole. Urefu wa gari hupimwa kuanzia katikati ya gurudumu, kamwe si kuanzia ardhini. Na bushi za mpira zisiguswe na oili, kwa maana oili huvimbisha mpira na kuuozesha. Palikuwa pia na mstari mdogo chini: springi mpya huja na bushi yake moja kwenye ncha ya mbele. Ndiyo maana Panzi alinyamaza kwa wiki sita.

Nilikifunga kitabu, nikakaa stoo hadi wateja wakaanza kugonga dirisha. Alama ya tope nilikuwa nimeishi nayo miaka kumi na tisa, hiyo niliijua. Nisilolijua ni lile kopo. Nilikuwa nimeshika kopo, kisha nimeshika fimbo, na katikati ya hayo mawili nimemwambia mtu mzima kwamba hajui sifuri.

Lazaro alikuwa mahali paitwapo Maji ya Chai, kando ya barabara, anatengeneza baiskeli. Spana alikuwa nazo mbili. Nilimpita mara nyingi kwa basi na kugeuza uso upande wa pili. Safari hii nilishuka. Nilimwamkia, nikakaa juu ya rimu iliyolazwa, nikamweleza yote kwa utaratibu: fimbo, tope, upindo wa gauni, kopo. Aliendelea kuziba tundu la mpira wa baiskeli, akilitia mate na kutazama mapovu.

"Oili niliijua siku ile ile," alisema. "Kidole kilinuka lori. Nani mwingine angeitia?"

"Sasa kwa nini hukusema?"

"Ungekuwa hupo, ningesema. Ningemvuta baba yako kando, tungegombana kama watu wa rika, halafu tungekwenda kwa Mgiriki pamoja na uwongo mmoja mzuri." Alicheka kidogo. "Lakini wewe ulikuwa umesimama pale na fimbo yako. Mtu hamvui nguo rika wake mbele ya mtoto wake."

Nilikuwa nimekuja kuungama kosa la kipimo. Sikujua kwamba kabla sijapima chochote, kwa kusimama tu pale karibu na baba, nilikuwa nimekwisha kuufunga mdomo wa mtu pekee aliyeujua ukweli. Na baba, aliyeniita nipime, alilijua hilo au hakulijua. Nimelipima swali hilo kila upande na halikubali kukaa sawa.

Nikamwuliza alipoteza shilingi ngapi. Ni swali la mtunza stoo, lakini sikuwa na lingine.

"Mtoto wa Rika," alisema, "hata toba unataka kuipima."

Alinijibu hata hivyo, kwa heshima ya safari yangu. Nyumba hakuitaja, wala Samweli aliyeacha shule muhula ule ule, wala miaka ya baiskeli. Alitaja tu kilicholipwa kwa fedha, kwa sababu Bwana Mgiriki alimdai bei nzima ya springi mpya: mshahara wake wa mwezi ule, shilingi tisini, uliozuiliwa wote, na arobaini na tano alizozipata kwa kuliuza sanduku lake la spana alizorudi nazo kutoka vitani. Jumla shilingi mia moja thelathini na tano.